Dawa Isiyopenda Joto

Kama umeambiwa utaanza ile kemo nyekundu, dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya mafuta, na ukaonywa usiguse maji moto, nakuandikia wewe. Wengine wanaweza kusoma pia, hakuna ubaya. Lakini nilipokuwa mahali ulipo sasa, sikupata mtu wa kuniambia mgonjwa anaishije ndani ya nyumba ya mabati akitumia dawa isiyopenda joto.

Mimi ni msusi. Tunaishi Kambi Muru, Kibera, na kazi yangu iko Kawangware 56, kwenye saluni ndogo ninayoshirikiana na rafiki yangu Shiro. Mume wangu, Baba Brenda, ni fundi wa mbao, anatengeneza vitanda na makabati. Binti yetu Brenda yuko shule ya bweni. Hiyo ndiyo familia, pamoja na mama mkwe wangu aliyekuwa nyumbani Vihiga, ambaye utamjua vizuri kabla sijamaliza.

Ugonjwa wangu ulianzia tumboni. Tumbo lilivimba polepole hadi wateja wakaanza kunipongeza. "Mama Brenda, kumbe ulituficha!" wanasema, nami nacheka nao. Nilicheka mpaka siku sketi ilipokataa kufunga na chakula kikakataa kushuka. Hospitalini wakasema ni saratani ya ovari. Nikapasuliwa, nikapewa kemo ya kwanza, nywele zote zikaenda. Shiro alinivalisha wigi la bei akaniketisha mlangoni. "We kaa hapo tu," akaniambia. "Msusi anaumwa na bado anakaa hivi? Watu wataingia."

Sitakaa sana kwenye mzunguko huo wa kwanza. Uliisha, nywele zikarudi laini kama za mtoto mchanga, tukasema Mungu ni mwema. Halafu mvua fupi zilipoanza kunyesha, tumbo nalo likaanza tena.

Kurudi kwa ugonjwa kunaumiza kuliko kuja kwake. Mara ya kwanza hujui kitu, unasukumwa tu. Mara ya pili unajua harufu ya ile korido.

Pale kliniki ya kemo kuna mabenchi ya chuma yanayokugandisha mapaja asubuhi, na televisheni isiyo na sauti ambayo kila mtu huitazama kama inasema jambo la maana. Wanawake huja na leso za kujifunika na njugu za kugawana. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye koti refu aliyelala muda wote, lakini jina lake likitajwa, hata kwa sauti ya chini, alikuwa amesimama tayari. Tulimpenda kwa hilo. Kila akiamka tulijua foleni inasonga.

Daktari akasema tutajaribu dawa nyingine. Aliyenieleza ilivyo ni nesi aliyekuwa ananichoma tangu mwanzo, Sista Nduku, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu anayeuza sokoni.

"Mama Brenda, hii dawa ni kali, lakini imefungwa," akaanza. "Wameiweka ndani ya vimfuko vya mafuta, vidogo sana, wanaviita chembe za nano. Vikiwa kwa damu vinatulia tu, vimefunga mdomo. Vikifika kwa uvimbe, mishipa ya huko ina matundu matundu, inavuja. Basi vinaingia, vinakaa, vinafunguka huko. Ndiyo maana safari hii nywele zako zitabaki."

"Basi hiyo ni dawa nzuri."

"Nzuri. Lakini shida ni moja. Havioni vinaenda wapi. Vikikuta mahali pengine pana joto, ama ngozi inasuguliwa na kufinywa, vinatokea hapo pia na kumwaga dawa. Sasa niambie, kwa mwanamke wa hapa, ni wapi panapata joto na kusuguliwa kila siku?"

Alinishika viganja vyote viwili akavigeuza juu.

"Hapa," akasema. "Na kwa nyayo."

Kisha akaanza kunipa masharti. Nisioge maji moto. Nisifue. Nisisonge ugali. Nisivae kiatu kinachobana, nisitembee mwendo mrefu juani. Nisipige makofi.

"Hata kanisani?"

"Hata kanisani. We imba tu, Mungu atasikia."

"Na kusuka?"

Alivitazama viganja vyangu tena. "Ukishachomwa, siku za mwanzo, hapana. Baadaye tutaangalia mikono inasema nini."

"Sista, hiyo ndiyo kazi yangu."

"Najua. Ndiyo sababu sikutaka uambiwe na mtu mwingine."

Dripu ilikuwa na rangi ya sharubati nyekundu iliyotiwa maji mengi. Nilitazama inavyoshuka nikiwa nimekamata mifuko ya barafu mikononi, kwa sababu baridi inaifanya mishipa ya viganja ijifinye na dawa isifike huko kwa wingi. Nilitetemeka kama kifaranga. Lakini nilirudi nyumbani na nywele zangu kichwani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilikula nikashiba.

Shida yenyewe ilikuja na jua la Januari. Kama umewahi kulala Kibera mwezi huo huhitaji kuelezwa. Saa saba mchana mabati yanapiga kelele yenyewe yakitanuka, na ukiweka mkono ukutani unautoa mara moja. Nilikuwa nakaa nje kwenye kivuli cha nyumba, na kivuli kikisonga, nasonga nacho.

Baba Brenda si mtu wa maneno. Siku moja alirudi kazini mapema amebeba mbao nyembamba begani, akapanda juu ya meza akaanza kupiga misumari. Nikamwuliza anafanya nini. "Dari," akasema. Akafanya hivyo jioni baada ya jioni, kwa vipande vilivyobaki kazini, mpaka nyumba yetu ikawa na dari chini ya mabati. Haikuwa imenyooka, na rangi za mbao hazikufanana. Lakini joto lilipungua, na nilipolala kitandani nikiitazama nilihisi kama mtu amenishikia mwavuli.

Kupika na kufua sikuweza. Ndipo akampigia mama yake simu.

Mama alifika na kuku mmoja, mchicha, na munyu, ile chumvi ya majivu, iliyofungwa kwa majani. Mama mkwe wangu ni mwanamke mwenye nguvu, mkulima, mikono yake ina ngozi ngumu kama ya fundi. Sisi hatukuwahi kugombana, lakini hatukuwahi kukaribiana pia. Kwetu unamheshimu mama mkwe, unampikia, unamwitikia. Humzoei. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akinipikia, na mimi nimekaa kitini kama mgeni, naona aibu.

Nilimwambia kuhusu maji moto. Naapa nilimwambia. Lakini nilimwambia kwa adabu, nikizungukazunguka, kama mtu anavyomwambia mama mkwe. Yeye alisikia kwamba daktari hataki niungue.

Ilikuwa mara baada ya dozi ya pili. Nyayo zilianza kuwasha na kuvuta, ngozi imekuwa nyekundu na kung'aa. Mama aliniona nachechemea kwenda chooni. Niliporudi nikakuta beseni, maji ya vuguvugu yenye chumvi, na yeye amepiga magoti kando yake.

"Mama, hapana," nikasema. "Mama usipige magoti."

"Kaa chini. Mama yangu alikuwa ananifanyia hivi nikitoka shamba."

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, najua unapiga kelele moyoni. Lakini jiweke mahali pangu. Mama mkwe wako amepiga magoti mbele yako kuosha miguu yako. Utasema nini? Nikakaa. Akaniosha, akanikanda nyayo kwa vidole vyake vyenye nguvu, akaimba wimbo wa kanisani kwa Kimaragoli kwa sauti ya chini. Nakuambia ukweli, ilikuwa tamu. Tangu mama yangu mzazi afariki hakuna mtu aliyenishika hivyo. Nililia, naye akadhani ni maumivu yanatoka, akaongeza maji moto.

Baada ya siku chache sikuweza kukanyaga. Nyayo zilivimba zikatoa malengelenge, kisha ngozi ikaanza kuachana kama ganda la kitunguu saumu. Viganja vilifuata. Sikuweza kufungua mfuniko wa chupa. Shuka likigusa miguu nilipiga kelele. Simu yangu hufunguka kwa kidole. Ikakataa, kwa sababu alama za vidole zilikuwa zimefutika. Nilikaa nikibonyeza na kubonyeza. Ni jambo dogo, lakini siku hiyo lilinivunja. Nilihisi hata simu haijui tena mimi ni nani.

Hospitalini daktari aliitazama miguu akatikisa kichwa. Dozi ya tatu ikasogezwa mbele.

"Dawa inafanya kazi, tumeona kwa damu yako," akasema. "Lakini hali hii ikirudia itabidi tuiache. Na dawa nyingine zilizobaki si nyingi, mama. Sitaki kukudanganya."

Baba Brenda alikuwa amenibeba mgongoni kutoka barabarani hadi mlangoni, na alisikia maneno hayo yote. Tulipofika nyumbani, yule mtu asiyesema alisema.

"Mama, umemwosha na maji moto?"

"Vuguvugu," mama akajibu.

"Tulikuambia! Unataka kuniulia bibi?"

Hakuwa amewahi kumpandishia mama yake sauti, na majirani walisikia, kwa sababu Kambi Muru ukuta ni jina tu. Mama aliinua beseni, akamwaga maji nje, akaliegemeza ukutani kwa utaratibu. Asubuhi nikamwona amefunga mfuko wake na kuvaa viatu vya safari.

"Naenda nyumbani," akasema bila kuniangalia. "Hapa naharibu."

Nilikuwa kitandani, siwezi hata kumshika mkono. Ningeweza kusema, "Si makosa yako, Mama," lakini asingeniamini. Nikamwambia tu, "Unipeleke kliniki kwanza. Leo naangaliwa vidonda, na Baba Brenda ana kazi. Ukishanirudisha, utaenda."

Baba Brenda hakuwa na kazi yoyote siku hiyo. Alinitazama, akaelewa, akachukua msumeno wake akatoka.

Kliniki, baada ya kunibeba mgongoni kutoka barabarani, mama alikaa kwenye benchi la chuma, mfuko wa safari mapajani, akitazama televisheni isiyo na sauti. Mwanamke mmoja alimpa njugu. Akazishika bila kula. Sista Nduku alipotuita ndani nikamwambia kwa unyonge, "Sista, huyu ni mama wa mzee wangu. Mweleze dawa. Mimi sikumweleza vizuri."

Sista alituangalia wote wawili, akauona na ule mfuko. Akavuta kiti.

Alimweleza yote, kuhusu vimfuko vya mafuta na mishipa inayovuja. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza mahubiri.

"Kwa hivyo hii dawa ina akili?" akauliza mwishowe.

"Haina akili, mama. Ina tabia. Mahali hapa inatulia, mahali pengine inafunguka. Inategemea imekuta nini."

"Na mimi niliiita kwa miguu."

"Uliiita kwa sababu ya mapenzi. Haijui mapenzi. Inajua joto."

Mama aliinua kichwa. "Hata mimi tangu nije Nairobi tabia imebadilika," akasema. "Nyumbani sikuwahi kuambiwa nakosea."

Sista Nduku alicheka kwanza, kisha mimi, kisha mama mwenyewe, akijifuta macho kwa leso. Halafu akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kufikiria kuuliza. "Sasa nikitaka kumkanda, nimkande wapi?"

"Mgongo," Sista akasema. "Polepole, na mafuta. Miguu na mikono mpake hii krimu, usisugue, weka tu kama unapaka mkate siagi."

Tuliporudi nyumbani mama alivua viatu vya safari. Hakusema lolote kuhusu kuondoka, nami sikuuliza. Baba Brenda aliporudi jioni, alimkuta mama yake anapika. Akasimama mlangoni. "Mama, nilikosa," akasema. Mama akamwambia, "Nawa mikono, chakula kiko tayari. Na ufunge huo mlango polepole, unaingiza joto."

Tangu siku hiyo tulikuwa na askari ndani ya nyumba. Mama alipima maji yangu ya kuoga kwa kiwiko kama ya mtoto. Alikata soksi zangu zote mpira. Kanisani alikaa kando yangu, na nyimbo zilipopamba moto alinishika vifundo vya mikono nisije nikajisahau nikapiga makofi. Yeye mwenyewe alikuwa akicheza na mwili mzima na mimi nimefungwa kando yake kama mbuzi. Alienda kwa mama mwenye plot tunayopanga, Bi Halima, Mnubi ambaye familia yake imeishi Kibera tangu kabla ya hayo mabati, na kwa Kiswahili chake cha shambani akamwomba barafu. Bi Halima ana friji ya kuuzia barafu za watoto.

"Dada yangu, we chukua," Bi Halima akamwambia. "Kila akienda kuchomwa, njoo hapa kwanza."

Hao wawili wakawa marafiki. Nilikuwa nikiwasikia kibarazani wakilinganisha wakaza wana wao, nami nikitajwa vizuri kuliko nilivyostahili.

Miguu ilichukua muda kupona. Dozi ya tatu nilipewa wakati mvua ndefu zilikuwa zimeshika, njia zote tope, na kiwango kikapunguzwa kidogo. Nilivaa ndara kubwa za kiume alizoninunulia Shiro. "Zina ugly ya kutosha," akasema, "lakini hazibani." Mvua ilipiga mabati, nyumba ikapoa, nami nikaishukuru mvua ile ambayo miaka yote nilikuwa naitukana. Viganja viliwasha, vikakauka, lakini malengelenge hayakurudi. Mdomo ulitoka vidonda. Nilikula uji uliopoa na maziwa mala. Kila dozi ilikuwa na siku zake mbaya na siku zake za kupumua, na nilijifunza kutomwalika mtu siku mbaya.

Kwenye zile siku za kupumua nilikwenda Kawangware. Sikuweza kusuka. Shiro aliniketisha kwenye kiti changu, akakataa kumpa mtu mwingine.

"Hiki kiti kina mwenyewe," aliwaambia wasichana waliokuja kuomba kazi. Kwangu akasema, "Piga domo tu, mresh, dada yangu. Wateja wanakuja kwa stori zako, si kwa vidole."

Haikuwa kweli, lakini nililihifadhi neno hilo.

Mama alichukia Julai ya Nairobi, akatembea amejifunga blanketi. Mimi niliipenda kama ndugu. Ule ukungu wa asubuhi, ile baridi inayoingia chini ya mlango, yote ilikuwa upande wangu. Ni katika baridi hiyo nilipopigwa picha ya tumbo. Tuliitwa ndani, mimi na Baba Brenda na mama, watatu kwenye chumba cha watu wawili. Daktari alizungusha kioo cha kompyuta ili tuone, ingawa hatukuelewa kitu.

"Uvimbe umesinyaa sana," akasema. "Huu mdogo uliobaki umetulia. Tutapumzisha dawa, tuwe tunaangalia."

Baba Brenda akauliza, "Kwa hivyo amepona?"

"Sitasema amepona. Nasema sasa hivi ugonjwa umenyamaza."

Nilitaka neno kubwa kuliko hilo, sikudanganyi. Lakini nimeishi na hilo neno tangu siku ile na limenitosha kuamka, kula, kumwandikia Brenda, kukosana na mume wangu kuhusu mambo ya kawaida. Nawe likikujia, lichukue. Usilidharau kwa sababu si lile ulilotaka.

Na jambo moja zaidi. Waambie watu wa nyumbani kwako masharti waziwazi, tena mbele ya nesi. Usizunguke kwa ajili ya heshima. Mpeleke kliniki yule anayekupenda zaidi, hasa kama ndiye mwenye mikono mizito.

Vidole vyangu vilirudi polepole. Ngozi mpya ilikuwa nyororo na yenye woga. Nilianza kwa kusuka mistari michache, napumzika, Shiro anamaliza. Mwezi uliofuata mama akasema sasa anarudi nyumbani, mahindi yanamngoja. Siku ya kuondoka alitaka kwanza aione hiyo saluni, kwa hiyo nilimpeleka Kawangware. Akakaa kwenye kistuli kona, mfuko mapajani, akinitazama nikimsuka mteja ambaye hakuwahi kuja kwetu kabla. Shiro ndiye aliyechovya ncha za nywele kwenye maji moto ili zisifumuke. Mama alihakikisha nimesogea mbali.

Mteja alimwona kwenye kioo. "Huyo ni mathe wako?" akaniuliza. "Mnafanana."

Hatufanani hata kidogo. Nilifungua mdomo nimweleze kwamba ni mama wa mume wangu, lakini mama alitangulia.

"Nilimzaa mwenyewe," akasema, akirekebisha kitambaa chake kichwani. "Na alinisumbua sana kutoka."